Kitambaa cha Thelathini na Moja

Walburga Krehl alidarizi namba katika kasri la Ellerstein kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo alikosea mara moja tu. Kosa lenyewe halikuwa hata la sindano. Namba ilikaa sawa, uzi ulinyooka, fundo lilifichwa vizuri upande wa nyuma kama alivyofundishwa. Kosa lilikuwa la siku. Aliidarizi mapema.

Asiyezaliwa Ellerstein anaweza kucheka, na acheke. Kwetu kila mtoto wa kiume wa ukoo unaotawala huitwa Luthard. Ndivyo ilivyo tangu babu wa kwanza wa ukoo huo aliporudi kutoka vitani na jina hilo na nusu ya pua. Ili wasichanganywe hupewa namba, na namba hutolewa siku ya ubatizo. Awe wa mtawala, awe wa mdogo wake, awe wa binamu anayeishi chumba cha juu na kuvuta tumbaku kutwa, wote wamo katika mstari mmoja. Mtoto akibatizwa akafa saa ile ile, namba ni yake na hairudi. Asiyebatizwa hana namba. Wasichana hupewa jina la kawaida na mizinga mitatu. Wavulana hupigiwa ishirini na moja. Mtaani hakuna anayejisumbua kusema Luthard. Watu husema Ishirini na Tano alipenda mbwa kuliko mkewe, Ishirini na Sita aliuza msitu, na Ishirini na Saba hatumsemi mbele ya watoto.

Nguo za wote hao zilifuliwa pamoja uani, ndani ya mapipa yale yale, kwa hiyo kila shuka na kila soksi ilitiwa namba pembeni kwa uzi mwekundu, na chini ya namba mwaka wa kuzaliwa mwenye nguo. Mtoto wa kiume alidariziwa vitambaa kumi na viwili vya kitani vya kumviringishia. Kimoja kati yake kiliwekwa katika sanduku la mwaloni lililoitwa sanduku la namba. Humo mlikuwa na kitambaa cha kila Luthard, tangu wa Kwanza.

Zamani sanduku hilo lilikuwa pambo tu, maana kanisa lilikuwa na madaftari yake. Lakini mwaka wa vita askari wa Kifaransa walilala kanisani wiki tatu. Baridi ilipowabana walichoma viti, viti vilipokwisha wakachoma madaftari, na juu yake wakapika supu ya vitunguu. Tangu hapo sanduku la namba ndilo likawa daftari la nchi.

Walburga aliingia chumba cha kushonea akiwa na miaka kumi na minne, binti wa mfumaji kutoka bondeni. Msimamizi wake alikuwa Bibi Sabine Rausch, mwanamke mwembamba mwenye funguo kiunoni na sheria mbili. Ya kwanza, nguo ya mtoto hufuliwa mara tatu kwa siki kabla haijamgusa, ili rangi ya uzi ishike. Ya pili, usidarizi ambacho hakijabatizwa.

Sheria ya pili Walburga aliivunja mwaka 1791. Wakati huo alitawala Ishirini na Nane, na mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Nchi nzima ilikwisha kuamua kuwa ni mvulana. Tumbo lilichongoka, mwanamke alitamani vitu vichachu, na hata mchungaji alilitazama tumbo lile akisoma Injili kana kwamba limeandikwa. Walburga alikuwa na miaka ishirini na miwili, na dada yake aliolewa ng'ambo ya mto juma lile lile la kujifungua. Alijua hatapewa ruhusa ikiwa vitambaa kumi na viwili vinamngoja. Basi alivichukua chumbani kwake darini na kuvidarizi kabla, vyote, XXXI na 1791 chini yake. Alivikunja, akavikalia kama kuku. Alijiona mjanja.

Mizinga ililia adhuhuri. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walburga alisimama dirishani akingoja wa nne, na wa nne haukuja. Alizaliwa msichana, akaitwa Mechthild.

Alichukua mkasi mdogo akaanza kufumua. Alifumua vitambaa kumi na kimoja. Cha kumi na mbili alikuwa amekificha ndani ya aproni, ameshuka nacho chumba cha kushonea kutafuta mkasi mkali zaidi, aliposikia viatu vya Bibi Rausch vikija mbio. Mama wa mtoto alikuwa amekufa na kasri zima lilitakiwa kuvalishwa nyeusi. Sanduku la namba lilikuwa wazi mle chumbani, limetayarishwa kwa mvulana ambaye hakuja. Walburga alikisukumiza kitambaa chini kabisa, chini ya watawala wote, akasimama wima. Bibi Rausch aliingia, akafunga sanduku, akarudisha ufunguo kiunoni.

"Mbona umesimama kama mshumaa? Lete vitambaa vyeusi."

Nitakitoa kesho, Walburga alijiambia. Kesho yake yalikuwa mazishi. Baada ya mazishi ilikuja homa, baada ya homa ikaja vita, na sanduku halikufunguliwa kwa sababu ukoo ule ulikaa miaka ishirini na moja bila mvulana. Ishirini na Nane alikufa bila mrithi; Ishirini na Tisa alikwisha kufa mchanga. Mdogo wake, Thelathini, aliitwa kutoka jeshi la mbali alikokuwa akitumikia, akaja akaketi mahali pake. Bibi Rausch naye alikufa, na funguo zikahamia kiunoni mwa Walburga. Siku alipozipata alikwenda hadi kwenye sanduku, akaweka mkono juu ya kifuniko. Halafu aliliacha. Sanduku lilifunguliwa kwa amri ya Waziri tu, na yeye sasa alikuwa mwanamke ambaye sindano yake haikosei. Hivyo ndivyo alivyoitwa mjini, na alipenda kuitwa hivyo.

Mtu mmoja tu hakumwita hivyo. Huyu ni Gertraud Nolde, mkunga, ambaye alimwita shoga na kumkosoa keki. Waliketi benchi moja kanisani, la nne upande wa kushoto, na kila Jumapili baada ya ibada walikwenda kwa Gertraud kula keki ya plamu na kunywa kahawa ya mizizi, maana kahawa ya kweli ilikuwa ya wakubwa. Walburga alipojifungua mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa amekufa, wanawake wengine walimwambia amelala, asubiri. Gertraud alisema, "Amekufa, shoga. Mshike kabla hawajamchukua." Akamwekea mikononi. Tangu siku hiyo, kama Gertraud angesema jua ni jeusi, Walburga angetafuta taa.

Sasa tufike kwenye ubatizo. Thelathini, aliyeoa akiwa mtu mzima, hatimaye alipata mwana. Mizinga ishirini na moja ilipigwa, bia ikamwagwa uwanjani, soseji zikachomwa tangu asubuhi. Karani wa Waziri, kijana aliyetoka chuo na asiyezaliwa Ellerstein, alipewa ufunguo akatumwa kuangalia sandukuni namba iliyofika, kazi ambayo mwenyeji angeimaliza kwa kutazama kitambaa cha juu tu. Kwa uangalifu wake wote alitoa vitambaa hadi chini, akakuta XXXI na 1791 chini yake, akaandika kwenye karatasi namba inayofuata. Mchungaji alipewa karatasi. Alimwagia mtoto maji, akasoma kwa sauti yake ya kifua.

"Nakubatiza wewe, Luthard, wa Thelathini na Mbili."

Kisha zikasikika nguo zikichakarisha, maana watu mia tatu walikuwa wakihesabu kwa vidole ndani ya mifuko.

"Wameruka mmoja," Gertraud alinong'ona.

Walburga alikiona kile kitambaa kama alivyokiacha, kimekunjwa mara nne, na alijua saa ile ile, kabla mtoto hajaanza kulia, kilichotokea.

Kwetu watu wana ugonjwa wa kushuku. Mwokaji akitabasamu, watu hupima mkate. Mtu akifa kitandani akiwa na miaka tisini, wapo watakaouliza supu ilipikwa na nani. Usitegemee basi kwamba watu wa namna hiyo wangesema karani kakosea. Karani alikwisha kusema alichokikuta, na kabla soseji hazijaisha uwanjani hadithi ilikuwa tayari imeota miguu. Mwaka 1791, Mechthild hakuzaliwa peke yake. Palikuwa na pacha, mvulana, akabatizwa kwa siri na kitambaa chake kikawekwa sandukuni. Kama yuko hai, yeye ndiye mtawala wa haki, na Thelathini ameketi kwenye kiti cha mwana wa kaka yake. Kama amekufa, nani alimuua? Na katika chumba kile cha uzazi nani alikuwepo? Mama alikufa, baba alikufa, mchungaji wa wakati ule alikufa, Mechthild mwenyewe aliolewa mbali na hakumbuki kuzaliwa kwake. Alibaki mkunga, Gertraud.

"Mimi sisemi kitu," alisema mke wa mwokaji dukani, na mtu akianza hivyo kaa chini. "Lakini Gertraud alijenga paa jipya mwaka ule. La vigae."

"Lilikuwa mwaka uliofuata," Walburga alisema.

"Ndiyo, alingoja kidogo. Mjanja yule."

Siku ya tatu mfalme mkubwa wa kaskazini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiitazama Ellerstein kama paka atazamavyo maziwa, alituma wajumbe na barua ya adabu. Alisema amesikia habari za Thelathini na Moja, anamwombea afya, na angependa kuonyeshwa ama mtu huyo ama kaburi lake. Siku ile ile Gertraud alijiwa nyumbani na askari wawili. Aliwaambia wafute viatu kabla hawajaingia, nao wakafuta. Walimpandisha mnarani.

Waziri, Bwana von Trautlingen, mtu mpole mwenye macho yaliyochoka, alikuja mwenyewe jioni ile chumba cha kushonea na kile kitambaa juu ya sinia la fedha.

"Bi Krehl, wewe unaijua mikono ya humu. Hii ni kazi ya nani?"

Walburga alikitazama. Upande wa nyuma fundo lilipita chini ya nyuzi tatu, kama alivyozoea yeye na hakuna mwingine. Alifikiri juu ya nyumba yake ndogo langoni, funguo, jina lake mjini, na kwamba kitambaa hiki sasa kimekuwa jambo la wafalme. Mtu aliyeanzisha jambo la wafalme kwa sababu ya arusi ya dada yake hasamehewi.

"Mkono wa marehemu Bibi Rausch," alisema.

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyefundishwa naye, Bwana Waziri."

Waziri aliinama kwa heshima akaenda. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Walburga alihisi hivyo hasa, kama kitu kinatembea chini ya nguo yake na hawezi kujikuna mbele za watu. Alijiambia Gertraud ni mwanamke mgumu, watamuuliza, atajibu, watamwachia. Hakujiamini hata kidogo.

Walichotaka wakubwa kilikuwa kidogo. Gertraud atie sahihi kwamba mvulana alizaliwa dhaifu, kwamba yeye mwenyewe alimbatiza kwa haraka kama sheria inavyomruhusu mkunga, na kwamba mtoto alikufa kifo cha Mungu kabla ya jioni. Basi. Thelathini na Moja atakuwa na kaburi, Thelathini atakuwa na kiti, mfalme wa kaskazini atafunga mdomo. Gertraud alikataa.

Siku ya sita Walburga alimpelekea keki. Alimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, koti mabegani, akiparua ukuta kwa kidole.

"Tia sahihi uende nyumbani," Walburga alimwambia. "Ni karatasi tu."

"Nimebatiza watoto kumi na tisa waliokuwa wakifa. Kila mmoja nilimshika. Huyu sikumshika, Walburga. Nikisema nilimbatiza huyu, nani ataamini niliwabatiza wale? Mama zao watalala vipi?"

"Huoni wanavyokusema huko nje?"

"Nasikia. Mke wa mwokaji ana sauti." Alimega keki, akatafuna polepole. "Plamu hizi kavu hukuzitoa mbegu vizuri. Hebu niambie, shoga. Wewe umekaa na sindano za kule tangu utotoni. Nani aliyedarizi kitu kile? Maana mtu alikidarizi. Kitani hakijiandiki."

Walburga alitazama mbegu ya plamu kiganjani mwa rafiki yake.

"Sijui," alisema.

Mkunga ameona wanawake wengi wakificha mengi, na mficha uchi hazai, hilo ndilo lililokuwa neno lake kwa wote. Lakini siku ile hakulisema. Alikunja kitambaa cha keki akamrudishia.

Mambo yalizidi. Watu walitema mate mlangoni kwa Gertraud. Mwanamke mmoja wa bondeni alizaa peke yake kuliko kumwita mwanafunzi wa mkunga yule, na alinusurika kwa bahati. Siku ya kumi ikaja habari kwamba kesho kutwa Gertraud atakabidhiwa kwa wajumbe wa kaskazini, wakamhoji kwao, ngomeni kwao. Alikuwa na miaka sitini na minne. Kila mtu alijua wazee wanaohojiwa katika ngome ile hawarudi na mapafu yao.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja Walburga alivaa nguo yake ya kanisani, akaenda kwa Waziri, akasema yote akiwa amesimama. Arusi, dari, mizinga mitatu, mkasi, sanduku.

Bwana von Trautlingen alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Gertraud Nolde ni rafiki yako wa miaka mingapi?"

"Ishirini na kitu."

"Unaona tatizo langu. Siku nane zilizopita uliniambia ni mkono wa marehemu. Leo ni wako. Leo, siku moja kabla ya kuchukuliwa kwake. Mimi nikikuamini, mjumbe wa kaskazini atasema mkunga amekununua. Asiposema hivyo, atasema sisi tumekununua, maana nani anafaidika zaidi na mtoto asiyekuwepo kuliko bwana wetu? Watu wa mjini watasema yote mawili kwa pamoja. Nenda nyumbani, Bi Krehl. Una moyo mzuri."

"Sina moyo mzuri, Bwana Waziri. Nina kitambaa." Alisogea mezani. "Kitambaa cha mtoto hufuliwa mara tatu kwa siki kabla hakijamgusa. Sheria hiyo haijawahi kuvunjwa, muulize mfuaji yeyote. Hiki changu hakijaonja maji hata siku moja, kilitoka darini kikaingia sandukuni. Uzi mwekundu usiotiwa siki ukiuchemsha, unatoa rangi. Kichemshe. Kama kuna mtoto aliyewahi kuvaa hiki, maji yatabaki meupe, na mimi nifungeni."

"Hiki ni ushahidi wa dola. Unataka nikitupe ndani ya sufuria?"

"Ndiyo."

"Na kikiharibika, utakuwa umeharibu ushahidi ili kumwokoa rafiki."

"Basi chemsheni na kingine pembeni, watu waone tofauti. Chemsheni cha Thelathini."

Waziri alitazama mlango kama kuna mtu amesikia. Cha Thelathini kilikuwa cha bwana mwenyewe. Lakini huyu bwana, ambaye alikuwa amechoka kuitwa mwizi katika nchi yake, aliposikia alisema wachemshe, wachemshe na yeye mwenyewe wakitaka, ilimradi iwe uani mbele za watu.

Vyungu viwili vya shaba vilitolewa, maji ya majivu ya kufulia yakachemka. Mji wote ulikuja. Wajumbe wa kaskazini walisimama mbele na kofia zao, mke wa mwokaji nyuma yao juu ya ndoo aliyoigeuza. Gertraud aliteremshwa kutoka mnarani, akawekwa karibu na kisima. Mjumbe mmoja alinusa maji ya vyungu vyote viwili. Mwingine alitaka mikono ya Walburga ioshwe kwanza, ikaoshwa, ikakaguliwa hadi chini ya kucha.

Walburga alitumbukiza cha Thelathini kwanza, kwa kijiti. Kiligeuka mara mbili tatu, kikatulia, na maji yakabaki na rangi yake ya majivu. Kisha akatumbukiza chake. Kwa muda hakikufanya kitu. Walburga aliinama juu ya mvuke. Miaka ishirini na moja, huenda uzi ulikwisha kukauka, huenda rangi imejishikia yenyewe. Halafu pembeni pa kitambaa pakatoka wingu dogo jekundu, likatanuka, na punde chungu kizima kilikuwa kama kimechemshiwa bitiruti. Alikitoa. Kitani kilikuwa cha waridi kutoka upande hadi upande, na namba haikusomeka.

"Kazi yangu," alisema kwa sauti, asimtazame Gertraud. "Nilidarizi kabla ya ubatizo. Hapakuwa na mtoto."

Wajumbe walinong'onezana, wakaandika, wakaondoka kabla ya chakula. Gertraud alifunguliwa pale pale. Walburga alivuliwa funguo na kazi, akaachiwa nyumba, na hiyo ilikuwa huruma kubwa kuliko alivyotarajia.

Lilibaki jambo moja la kipuuzi. Mtoto amekwisha kubatizwa Thelathini na Mbili, na ubatizo haurudiwi. Kwa hiyo hadi leo, katika chumba cha makaburi chini ya kanisa, kati ya jiwe la Thelathini na jiwe la Thelathini na Mbili, lipo jiwe dogo la XXXI. Halina mwaka. Mwashi aliapa kwamba chini yake hamna kitu. Ukiwauliza watu wa mjini watakuambia jiwe haliwekwi bure, na kwamba yule mshonaji alificha rangi chini ya ulimi. Lisemwalo lipo.

Hayo Walburga aliyavumilia. Ambacho hakukiweza ni benchi. Jumapili ya kwanza alikaa peke yake benchi la nne upande wa kushoto. Gertraud aliingia, akapita, akaenda kukaa nyuma pamoja na watu wa bondeni. Baada ya ibada Walburga alimngoja mlangoni.

"Gertraud."

"Nilikaa kule juu siku ngapi?"

"Nane."

"Siku nane. Na kabla ya hapo tatu za kusemwa mtaani. Na wewe ulijua lini?"

Walburga angeweza kudanganya, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Siku ya nane. Siku ya tisa, nilipokiangalia vizuri.

"Kanisani," alisema. "Kabla mtoto hajalia."

Gertraud alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepima kitu na kukuta uzito ule ule aliotarajia.

"Na mnarani nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Gertraud alikwenda zake. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Walburga kuliko kelele.

Miezi saba walipita njiani kama wasiojuana. Walburga alishona mashati ya watu wa kawaida, na wateja waliyageuza kwanza upande wa nyuma kutazama mafundo. Majira ya plamu yalipofika tena alinunua kitani kizuri kuliko uwezo wake, akashona taulo, na pembeni akadarizi G.N. kwa uzi mwekundu. Alilipeleka siku ya Jumatano, mchana, watu wakimwona.

Gertraud alifungua mlango nusu. Nyuma yake birika lilikuwa linachemka.

"Nini hicho?"

"Taulo. Nimekushonea."

Gertraud alilipokea, akaligeuza, akatazama fundo lililopita chini ya nyuzi tatu.

"Umelifua?"

"Mara tatu. Kwa siki."

"Nitajuaje?"

Gertraud alirudi ndani akaacha mlango vile vile nusu. Alichukua bakuli jeupe la udongo, akaweka taulo ndani, akamimina maji ya birika yakiwa yanatokota. Mvuke ukapanda. Wanawake wawili walisimama, mmoja ndani na mwingine nje, wakitazama bakuli. Walburga alijua vizuri kwamba amelifua mara tatu, alijihesabia mwenyewe, na bado alijiona kama mwizi.

Maji yalibaki meupe. Gertraud aliyachungulia muda mrefu, akaligeuza taulo kwa kijiko, akachungulia tena. Kisha alilikamua na kulitundika kwenye kamba juu ya jiko, mahali ambapo taulo lake la kila siku hukaa.

"Taulo nimeliamini," alisema, akasukuma mlango hadi ukafungika.